Mfarishi wa Mashati

Kabla sijasimulia habari za Agosti ya mwaka 2024, yafaa nieleze maana ya neno moja, kwa kuwa huku kwetu Mlima Elgon hata mafundi wa nguo hawalitumii sana. Mfarishi ni nguo nene ya kutandika au ya kujifunikia, yenye matabaka matatu: juu ni vipande vya nguo vilivyounganishwa, katikati ni pamba au blanketi kuukuu, na chini ni kitambaa kizima. Kisha matabaka hayo hushonwa pamoja kwa mkono, sindano ikipita toka juu hata chini. Akina mama wa Cheptais huuita blanketi la viraka. Jina hilo laeleweka, ila lina dharau kidogo ndani yake, maana kiraka ni dawa ya nguo iliyochanika, bali vipande vya mfarishi havikuchanika. Vimekatwa kwa kusudi, na mtu aliyekaa akafikiri.

Mshonaji wa Cheptais hana mwezi wenye kazi nyingi kama Agosti. Mvua hunyesha karibu kila alasiri, barabara huwa tope, na mahindi yamesimama mashambani yakingoja kukomaa, kwa hiyo watu wana nafasi ya kukumbuka nguo zao. Shule zimefungwa, na wazazi huleta sare za watoto waliorefuka ghafula. Tena mwaka 2024 ulikuwa wa shufwa, na kila msomaji wa Bungoma ajua maana yake. Ndugu zetu Wabukusu hutahiri wavulana wao mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa. Kuanzia Sirisia hata Chwele vijana walikuwa wakizunguka na kengele zao, chinyimba, wakiwaalika jamaa wa mbali na wa karibu, na wajomba wakichinja ng'ombe. Zamani kila mama alikwenda kwenye karamu hizo na gauni alilokuwa nalo. Siku hizi wanawake wa ukoo mmoja hutaka wote wavae kitenge cha namna moja, na vitenge hivyo vingi vyaletwa kutoka Uganda kwa njia ya Lwakhakha. Basi katika siku kumi na saba za kwanza za mwezi nilishona magauni 31, na cherehani yangu ya kukanyaga ilikatika mkanda mara mbili.

Kila gauni huacha mabaki. Fundi mvivu huyatupa au huwashia jiko. Mimi huyatia katika gunia, na gunia hilo ndilo lililotufanya sisi wanawake sita tuanze kukutana Jumamosi alasiri katika chumba changu cha kazi. Kila mmoja huja na sindano yake. Kati yetu yumo mwalimu wa shule ya msingi, wamo wakulima, na yumo kikongwe mmoja kutoka upande wa Sirisia tunayemwita kukhu, yaani nyanya. Huyu alijifunza kutarizi akiwa msichana, katika vile vyama vya Maendeleo ya Wanawake vilivyoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952, wakati viongozi wa vyama walipokuwa wakipelekwa Jeanes School, Kabete, kufundishwa kushona, kupika na usafi wa nyumba. Kukhu hapendi nikisifu mambo ya wakati ule kupita kiasi. Asema walifundishwa kutarizi vitambaa vya kufunika viti, nao nyumbani hawakuwa na viti. Lakini mshono wake hata leo ni mwembamba kama mstari wa kalamu, na subana aivaayo kidoleni aliinunua kabla mimi sijazaliwa.

Jumamosi ya tarehe 3 Agosti wengine walipokwisha kwenda, mmoja wetu alibaki. Ni mkulima wa vitunguu, mwanamke wa maneno machache. Alikuwa amekuja na mfuko wa nailoni, akauweka chini ya meza, akauacha hapo alasiri yote.

"Dada fundi," akaniambia, "nimekuletea kazi, lakini usinijibu leo."

Mfukoni mlikuwa na mashati manane ya mumewe.

Msomaji wa mbali huenda amesahau, kwa hiyo sina budi kueleza. Kati ya mwaka 2006 na 2008 palikuwa na vita katika mlima huu, vilivyotokana na ugomvi wa mashamba katika mpango wa makazi wa Chebyuk, ulioanza mwaka 1971. Kikundi cha vijana wenye silaha kilichojiita Jeshi la Kulinda Ardhi ya Wasabaot kiliua watu, kikawakata wengine masikio, kikatoza kodi kwa nguvu. Mwezi wa Machi 2008 serikali ikaleta jeshi, na wanaume wengi wakakamatwa. Mamia ya watu walikufa, maelfu wakahama, na wanaume wengi waliochukuliwa, na upande mmoja au mwingine, hawajaonekana hata leo. Mume wa mwenzetu ni mmoja wao. Alichukuliwa usiku mwezi ule wa Machi, siku tatu baada ya kupanda mahindi. Watu waliomchukua sitawataja, wala mkewe hawataji.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya husema kwamba mtu asiyesikika kwa muda wa miaka saba na wale ambao wangesikia habari zake kama angekuwa hai, aweza kudhaniwa kuwa amekufa. Makarani wasomao makala hii wanaijua sheria hiyo vizuri kuliko mimi. Miaka saba ilitimia mwaka 2015. Mama huyu hakwenda mahakamani mwaka ule, wala baadaye, ingawa shamba bado limeandikwa kwa jina la mumewe, na bila karatasi za mahakama hawezi kulirithisha. Watu wake walimshauri mara nyingi. Alikuwa akiwajibu kwamba hawezi kwenda mbele ya hakimu na kusema kwa kinywa chake mwenyewe neno ambalo hakuliona kwa macho.

Na sasa alitaka nikate mashati. Mwanawe wa kwanza, aliyekuwa na umri wa miaka minne baba yake alipochukuliwa, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ufundi huko Kitale, aanze Septemba. "Kitale usiku kuna baridi," akasema. "Nataka ajifunike nguo za baba yake."

Nilielewa kwa nini hakutaka jibu siku ile. Shati zima lamngoja mwenyewe, naye akirudi atalivaa. Shati lililokatwa halimngoji mtu. Fundi akisha kupitisha mkasi, ametamka jambo, hata kama hakufungua kinywa. Sikupenda jambo hilo litamkwe na mkasi wangu.

Jumanne iliyofuata mwalimu na mimi tulikwenda Kitale kwa njia ya Chwele na Kimilili, kutafuta uzi na marekani ya kuweka chini ya mifarishi yetu. Neno marekani, kwa wasiojua, latokana na Marekani yenyewe. Mfalme wa Unguja, Sayyid Said, alifanya mkataba wa biashara na Waamerika mwaka 1833, na pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyofumwa katika viwanda vyao ikaenea toka pwani hata bara. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 viliiharibu biashara ile, nguo za nchi nyingine zikachukua mahali pake, lakini jina halikuondoka. Dukani nilipoitaja kijana muuzaji alinipa bila kuuliza.

Tulipomaliza kununua tuliingia katika jumba la makumbusho la Kitale, ambalo mkusanyo wake wa kwanza ulikuwa wa Mwingereza mmoja, Kanali Stoneham. Mwalimu alikuwa amewapeleka watoto wa shule humo mara kadhaa, mimi sijawahi kuingia. Tulikaa nje chini ya mti tukala mahindi ya kuchoma, na hapo ndipo nilipomweleza habari ya mashati.

Mwalimu ni mtu wa kusoma. Akaniambia habari ya mwanamke mmoja wa Marekani, wa jimbo la Alabama, mahali paitwapo Gee's Bend, ambapo wajukuu wa watumwa wamekuwa wakishona mifarishi kwa nguo za kazi tangu zamani. Mwanamke huyo, jina lake Missouri Pettway, alifiwa na mumewe, na mwaka 1942 akazichukua nguo za shamba za marehemu, akazifumua pamoja na binti yake, akashona mfarishi wa kujifunikia. Magoti ya suruali yalikuwa yamepauka kwa jua na kupiga magoti mashambani, naye hakuyaficha. Mifarishi ya kijiji kile ilipelekwa kuonyeshwa katika jumba la sanaa la Houston mwaka 2002, kisha New York, na watu waliozoea kutazama picha za wachoraji wakubwa wakasimama mbele yake. Tena akanieleza habari za Wasidi wa jimbo la Karnataka katika Bara Hindi, watu ambao babu zao walitoka pande hizi zetu za Afrika, wengi wakipelekwa Goa na Wareno wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mifarishi ya nguo kuukuu iitwayo kawandi, wakianza ukingoni na kuelekea katikati, na katika kila pembe hutia vipande vidogo vilivyokunjwa ambavyo wao huviita maua. Mfarishi usio na maua hayo, kwao, ni kama mtu aliye uchi.

Habari hizi zilinifurahisha, lakini nilimwambia mwalimu kwamba Bibi Pettway alimzika mumewe. Alijua alipolala. Mwalimu alinyamaza, kisha akasema, "Basi usimkatie wewe. Akate yeye, wewe umshikie kitambaa." Nikaona kwamba amesema jambo la akili kuliko yote niliyofikiri tangu Jumamosi.

Tuliporudi tulishuka Chwele, sokoni, kumsalimu mwenzetu wa zamani. Alikuwa jirani yangu hapa Cheptais hata mwaka 2007. Ni Mbukusu. Nyumba yake iliteketezwa usiku mmoja, akateremka mlima na watoto wawili na sufuria moja, na tangu siku hiyo hakupanda tena. Nilimwalika mara nyingi, naye kila mara alikuwa na kazi. Safari hii nilimwambia tu kwamba Jumamosi tunashona mfarishi wa kijana aendaye chuoni, na kwamba kukhu atakuwapo. Hakunijibu ndiyo wala la. Sikumficha mfarishi ulikuwa wa nani.

Jumamosi ya tarehe 10 mama wa mashati alikuja mapema. Nilikuwa nimekata kigezo cha karatasi ngumu, mraba wa inchi nane, na kuchora mistari kwa chaki juu ya mashati yote. Kabla ya kukata lazima mifuko ipekuliwe, hiyo ni desturi ya kila fundi, maana mkasi ukipiga sarafu huharibika. Katika mfuko wa shati la kaki, shati la shamba alilolivua jioni ya mwisho, tulikuta punje sita za mahindi ya mbegu, bado nyekundu kwa dawa. Wakulima watajua kwa nini bungo hawakuzigusa miaka kumi na sita. Mkulima mmoja kati yetu alisema hazitaota tena, na kweli hazingeota. Yule mama alizihesabu kiganjani, akazirudisha mfukoni, akasema mfuko ule usifumuliwe. Tukaukata pamoja na kitambaa chake, nikaushona mdomo kwa mshono wa nyuma, na punje zimo ndani.

Kisha akashika mkasi. Nilimshikia kitambaa. Alikata shati la kwanza pole pole sana, la pili kwa haraka kidogo, na tangu la tatu mkono wake ulikuwa mkono wa mtu afanyaye kazi. Alipofika la nane, jeupe, lile alilovaa mumewe siku ya arusi, alilitazama, akalikunja, akalirudisha katika mfuko wa nailoni. Hakuna aliyemwuliza neno.

Kila shati lilitoa vipande vinane, jumla 56. Mfarishi wa kumtosha kijana mrefu wahitaji vipande 99, tisa kwa kumi na moja, kwa hiyo tuliongeza 43 vya vitenge kutoka gunia langu. Kwa faida ya wenye kutaka kujaribu nitasema jinsi ya kuunganisha. Kila upande acha nusu inchi ya mshono, na vipande vya inchi nane vitabaki inchi saba. Shona kwanza mistari mirefu kwa cherehani, kisha uunganishe mistari, na kila mshono uupige pasi kabla ya mwingine, hata kama ni pasi ya makaa na makaa yenyewe ni haba. Usichanganye kitambaa kikuukuu sana na kipya kisichofuliwa, maana kipya kitarudi siku ya kwanza kufuliwa na kuvuta kikuukuu hata kichanike. Matabaka matatu yapigwe bandi kwa mshono mrefu kutoka katikati kwenda pembeni. Anayeanza pembeni ataishia na tumbo katikati, isipokuwa yeye ni Msidi na ajua kazi yake.

Jioni ile mvua haikuacha, wote wakalala kwangu. Tulifungua redio, maana ilikuwa siku ya mbio za mwisho katika Michezo ya Olimpiki ya Paris. Saa mbili za usiku na dakika kidogo Emmanuel Wanyonyi, kijana wa Trans Nzoia mwenye umri wa miaka 20, alishinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 41.19, na baadaye usiku ule ule Faith Kipyegon akashinda mita 1500 kwa mara ya tatu mfululizo katika Olimpiki. Kukhu alipiga vigelegele hata mbwa wa jirani wakaamka. Mama wa mashati alicheka pia. Alikuwa ameketi na vipande magotini, kaki na kitenge, akivipanga na kuvipangua.

Tulishona Jumamosi ya tarehe 17, na nyumbani kati ya wiki kila mmoja alichukua sehemu. Tarehe 24 ilibaki kazi ya ukingo. Hapo, karibu saa tisa, pikipiki ilisimama mlangoni, na mwenzetu wa Chwele akashuka na viatu vyake mkononi kwa ajili ya tope.

Lazima niseme jambo ambalo ningependa kuliacha. Midomo ya watu, wakati ule wa vita, ilisema kwamba mwenye mashati yale alikuwa akiwapelekea vijana wa msituni chakula. Wengine walisema alilazimishwa, wengine kwamba hakupeleka kamwe. Mimi sikuona, na kwa jambo kama hilo asiyeona hana haki ya kusema. Lakini mwenzetu wa Chwele aliyasikia maneno hayo, na nyumba yake iliteketea. Wanawake hawa wawili walikuwa hawajaonana tangu mwaka 2007.

Walisalimiana kwa heshima. Mgeni aliketi karibu na kukhu, akanywa nusu ya chai yake. Alitazama mfarishi uliotandazwa juu ya meza, akauliza kipande hiki ni cha shati gani, na kile, naye mama akamjibu. Alipofika kwenye mfuko ulioshonwa mdomo, aliugusa, akazisikia punje ndani, akauliza ni nini. Akaambiwa. Alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba mwalimu alianza kuzungumza habari za mitihani ili chumba kisikae vile.

Kisha akaniomba sindano. Alichukua upande mmoja wa ukingo, ule mrefu, inchi 77, akaushona peke yake bila kuinua macho, na mshono wake ulikuwa mzuri. Alipomaliza alikata uzi kwa meno kama alivyokuwa akifanya zamani, nami nikamkemea kama nilivyokuwa nikimkemea zamani. Akasimama.

"Nimemshonea mtoto," akasema. "Mtoto hakufanya kitu."

Mama wa mashati akamjibu, "Asante. Nimesikia."

Hawakuongeza neno. Mgeni hakungoja ugali, ingawa ulikuwa tayari, kwa kuwa alisema pikipiki haitapita mtoni mvua ikizidi. Yaweza kuwa kweli, maana mto ulikuwa umejaa. Kukhu alisema baadaye kwamba mtu aliyeshona inchi 77 amekaa vya kutosha kwa siku moja.

Wiki ya kwanza ya Septemba kijana alipanda gari la Kitale, na mfarishi ulifungwa kwa kamba ya katani juu ya sanduku lake la bati. Mama yake alinunua nondo za dawa za kuhifadhi lile shati jeupe. Habari ya mahakama hakunitajia, wala sikumwuliza. Mimi nilirudi kwenye sare, maana shule zilikuwa zimefunguliwa tangu tarehe 26 Agosti, na wazazi wawili walikuwa wamesimama mlangoni wakidai kaptura.